Nesi wa Senema na Mguu wa Bibi

Bibi yangu, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na baada ya dini yake alikuwa na mapenzi mawili tu duniani: mimi na senema. Sitasema lipi lilikuwa juu ya jingine. Ninachojua ni kwamba siku ya senema hapakupikwa chakula cha mchana nyumbani kwetu, na mimi nilikula mkate wa jana.

Miaka ile ya hamsini, pale mjini Unguja, alasiri moja ya kila wiki senema ilikuwa ya wanawake peke yao. Mwanamme hakuonekana ndani, isipokuwa yule mwenye mashine kule juu, naye tulikuwa tukimhesabu kama sehemu ya mashine. Wanawake walivua buibui zao, wakatandaza kanga kwenye viti, wakafungua vikapu vya bajia na njugu, wakanyonyesha watoto, na picha ikianza wakawatukana wale wakwe wabaya wa Kihindi kana kwamba wanawasikia. Wengine Kihindi walikuwa hawakijui hata neno moja, lakini walilia mahali pa kulia.

Tatizo lilikuwa moja. Picha ilichelewa kuanza, maana kila mmoja alimngoja shoga yake, na kabla ya adhana ya magharibi kila mwanamke ilimlazimu awe kwake. Kwa hiyo jua likianza kuinama, ukumbi mzima uliinuka, picha ikaachwa ikiendelea kuviimbia viti. Mtaa wetu wote haukuwa na mwanamke aliyewahi kuona mwisho wa picha. Wala hawakuona hasara. Mwisho wa picha za Kihindi ulijulikana: adui atapigwa, mama kipofu ataona, stelingi, yule shujaa, ataoa. Njia nzima ya kurudi nyumbani, kwenye vichochoro, walikuwa wakiumalizia wenyewe, kila mmoja na mwisho wake, na waliokosana juu ya mwisho wa picha walinuniana mpaka wiki ya pili.

Mimi senema sikuwa nikienda sana, kwa sababu nilikuwa nesi. Naona watoto wa siku hizi hilo haliwashangazi. Wakati ule kumtoa msichana nyumbani akalale zamu hospitalini kulihitaji mtu wa kugombana na ukoo mzima, na mtu huyo alikuwa Bibi. Aligombana na wajomba, akagombana na jirani, akashinda. Basi nikawa navaa gauni jeupe na viatu vyeupe, juu yake buibui, na mtaani wakaniita Bi Nesi. Mwenye jipu aliniita, mwenye mimba aliniita, na Bibi alikaa barazani akipokea sifa kama mwenye duka anayepokea wateja.

Kisha Bibi akaenda Chwaka kwenye harusi ya jamaa zake. Baada ya kula pilau la watu akashuka pwani kutembea, akakatwa wayo na gamba la chaza. Alifunga kitambaa, akarudi mjini, akanificha. Nilipogundua, mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundo hakionekani.

Daktari wetu aliutazama, akautomasa, akaniita pembeni. Alisema achomwe sindano ya penisilini kila siku, bila ya kuruka, mpaka uvimbe uishe kabisa. Akiacha katikati, alisema, mguu utakatwa. Bibi hakutaka kulazwa. "Kule watu wanaingia na miguu yao wanatoka na miguu ya wenzao, wamebebwa," alisema. Ikakubaliwa nimchome nyumbani mimi mwenyewe.

Kila asubuhi nilichemsha bomba la sindano kwenye kijisufuria juu ya stovu. Bomba lilikuwa la gilasi, likigongagonga sufuria maji yakitokota, na Bibi kitandani akisikiliza mlio ule kama mtu anayesikia nyayo za mwizi. Mwanamke aliyegombana na ukoo mzima aliogopa sindano. Na mimi nilimwambia lile tulilofundishwa kumwambia kila mgonjwa.

"Haiumi, Bibi."

"Unajuaje? Unachomwa wewe?"

"Haiumi. Na hii ndiyo ya mwisho."

Haikuwa ya mwisho, nikijua si ya mwisho, na kesho yake nikamwambia vile vile. Alikuwa akiuma pindo la kanga na kuninunia mpaka adhuhuri. Lakini uvimbe ulianza kupungua, kifundo kikarudi mahali pake, nikamshukuru Mungu.

Hapo ndipo picha ile ilipokuja.

Yule bwana wa kengele, aliyekuwa akipita mitaani na mbao mbili mgongoni na kifuani kutangaza senema, alipita akisema kwamba picha ya Kihindi haikuwahi meli, na badala yake siku ya wanawake itaonyeshwa picha ya Kizungu. Kisa cha kweli, akapiga kengele, kilichotokea kwao Uzunguni, cha nesi na wagonjwa wake. Bibi akainuka kitandani.

"Cha nesi? Nnakwenda nikaitazame kazi ya mjukuu wangu."

"Bibi, mguu huo!"

"Kwani natazama kwa mguu?"

Akaenda. Alishikwa mkono huku na jirani yetu wa mlango wa pili, shoga yake wa tangu utotoni, na huku akaegemea bakora. Mimi nikaenda zamu yangu.

Niliporudi magharibi inakaribia, nilikuta wanawake wamejaa uani kwetu. Nilipoingia wakasogeleana. Mmoja akamvuta mwanawe karibu. Niliamkia wakubwa, "Shikamooni," na ile marahaba niliyojibiwa ilikuwa nyembamba kuliko uzi.

"Bibi yuko wapi?"

"Huyu hapa nyuma yangu," alisema jirani, akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. "Alikuwa nyuma yangu, wallahi. Tulivyotoka tulikuwa mbio, mwanangu, adhana hiyo."

"Kwani kuna nini?"

Jirani yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo usiolala. Akakaa kitako, akajifunga kanga vizuri, akaanza.

"Nesi, mwanangu. Mzuri, sura kama malaika. Kavaa kama wewe. Viatu kama vyako. Anaingia chumbani, anamchekea mgonjwa, anampapasa kipaji cha uso, anatoa bomba, tup! Mgonjwa kimya. Shuka juu ya uso. Anakwenda kwa wa pili, anamchekea, tup! Shuka. Na wote wazee, maskini, hawana pa kukimbilia."

"Na mwisho wake ikawaje?"

"Mwisho wake tukaondoka."

"Sasa mmejuaje kwamba muuaji ni yeye? Pengine anasingiziwa."

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema jirani, akanitazama. "Na kikulacho ki nguoni mwako."

Nikacheka. Nilidhani ni senema tu, itapita kama zilivyopita nyingine. Adhana ikalia, wanawake wakatawanyika, na baada yake kidogo Bibi akaingia peke yake akiburura mguu na bakora, buibui limejaa vumbi. Alitazama viatu vyangu, akaenda kuswali. Nikajua mguu umemchelewesha, nikamwonea huruma, nikawalaani mashoga wanaomkimbia mwenzao kilema.

Asubuhi yake nikawasha stovu. Bomba likaanza kugonga sufuria.

"Zima," alisema Bibi.

"Bibi, haiumi."

"Nimesema zima. Mie leo sichomwi."

"Bibi, mimi ni mjukuu wako!"

"Na yule wa picha kwani hakuwa mjukuu wa mtu?"

Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Mwishowe akaniwekea sharti, na sharti lenyewe lilikuwa la adabu yetu ya siku zote: kwetu anayekuletea kinywaji huonja yeye kwanza, ndipo akupe gilasi. Hata kahawa ya msibani huonjwa. "Onja," alisema Bibi. Nikajidondoshea tone la penisilini ulimini. Uchungu ule siusahau hadi leo, nilikunja uso wote. Bibi akanitazama kwa makini, akangoja kidogo aone kama nitaanguka.

"Hukufa," alisema.

"Sikufa. Haya, geuka."

"Lakini wewe umeonja kwa ulimi. Mie nachomwa ulimini?"

Akajifunika kanga gubigubi, na ndiyo ikawa mwisho wa mashauri.

Nje nako mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Nilipopita barazani, wale walioniita Bi Nesi walipisha njia. Mwenye mimba aliyekuwa ameniambia nije kumzalisha alipeleka salamu kwamba amempata mkunga wa Mangapwani, mtu wa jamaa, nisijisumbue. Mjukuu wa jirani alikuwa na jipu, na mamaye alilibandika majani ya mpapai badala ya kuniita. Mwenyewe jirani alinisalimu kwa adabu kubwa mno, ile adabu anayopewa mtu anayeshukiwa uchawi. Nilikasirika, nisifiche. Nililikasirikia lile kundi lote lililoinuka kabla ya mwisho, na meli ile iliyoiacha picha ya Kihindi, na Mzungu yule aliyetengeneza picha ya namna ile na kuileta kwetu.

Lakini hasira ilikuwa juu juu. Chini yake ilikuwa hofu. Siku zilizofuata mguu ulianza tena kuvimba, ukawa mwekundu, wekundu ukapanda juu ya kifundo. Usiku nikiwa zamu nilipita kwenye wodi ya wanawake nikamwona mwanamke aliyekatwa mguu, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa, nikatoka nje nikalia. Bibi aliyenipigania mimi nivae viatu hivi angepoteza mguu wake kwa sababu ya viatu hivi hivi. Daktari alinambia, kama hachomwi kabla ya wiki kwisha, alazwe kwa nguvu, na akilazwa atalazwa kwa kisu.

Ndipo nikaamua kwenda kuuona mwisho.

Nilikuwa na matumaini, tena makubwa. Picha zote nilizozitazama na Bibi tangu utoto zilinifundisha somo moja: anayesingiziwa mwanzo husafishwa mwisho. Nilikuwa na hakika yule nesi hana kosa. Kama ukumbi mzima ungekaa kidogo tu, wangemwona akilia, muuaji wa kweli akakamatwa, na nesi akaolewa na inspekta wa polisi. Nilihitaji kuuona mwisho huo kwa macho yangu, nimpelekee Bibi.

Picha ilikuwa bado inaonyeshwa alasiri kwa watu wote, wanaume kwa wanawake. Nilimchukua nesi mwenzangu, Mkristo wa bara, mcheshi, tukatoka zamu moja kwa moja tukaingia. Tulikaa nyuma kabisa. Gauni tulizificha kwa buibui zangu mbili, moja nimevaa mimi na moja nimemwazima yeye, lakini viatu hatukuwa na vya kubadilisha. Yule nesi wa picha alipotokea kwa mara ya kwanza akitembea ushorobani, ko, ko, ko, na viatu vyake vyeupe, mzee mmoja mbele yetu aligeuka kwa sababu gani sijui, akaona vyetu. Akatazama picha. Akatazama chini tena. Akachukua kofia yake akahamia safu ya mbele kabisa, na mwenzangu akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa buibui langu.

Mimi sikucheka. Mimi Kizungu nilikuwa nimejifunza kazini, na nilisikia kile ambacho Bibi na wenzake hawakukielewa. Kila alipoinua bomba lile, nesi yule alimwinamia mgonjwa na kumwambia kwa sauti laini: haiumi. Maneno yetu hasa. Nilikaa nikijipapasa mikono kwa baridi, na nje jua la Unguja linawaka.

Tulikaa mpaka mwisho. Muuaji alikuwa yeye. Hakusingiziwa, hakutubu, hakuolewa. Mwanzo hadi mwisho ni yeye, na inspekta alipomkamata alimpeleka akanyongwa, na maandishi ya mwisho yakasema kisa hiki kilitokea kweli. Taa zikawashwa. Nilihisi nimeibiwa.

"Mwambie Bibi yako si yeye," alisema mwenzangu tulipokuwa tukirudi. "Nani ataujua mwisho? Mtaa wenu mzima hautazami mwisho wa picha."

"Nimwambie nani basi?"

"Yule daktari wa kwenye picha, mwenye masharubu. Tangu mwanzo mie sura yake sikuipenda."

Lilikuwa shauri zuri. Kila kona ya kichochoro niliufanyia mazoezi ule uongo. Daktari mwenye masharubu alimwonea wivu nesi, akabadilisha dawa chupani, nesi akamgundua, akampigia polisi. Nikaongeza na mama mzee wa nesi aliyekuwa kipofu, nikampa macho. Nilipofika mlangoni kwetu, picha yangu ilikuwa nzuri kuliko ya Mzungu.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka kidonda, ingawa alikuwa ameweka udi.

"Ulikwenda senema," alisema. Sikumwambia mtu, lakini mtaa huu!

"Naam, Bibi."

"Umeuona mwisho?"

"Naam."

"Haya, nambie."

Nikafungua kinywa kumtoa daktari na masharubu yake. Bibi alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni, halwa ikipungua sahanini. Nilitazama mguu. Nilitaka sana kudanganya, kwa mapenzi, na nilijua ni kwa faida yake, na nikashindwa. Lile neno "haiumi" la yule nesi wa picha lilikuwa bado masikioni mwangu na sauti yake laini.

"Ni yeye, Bibi," nilisema. "Aliwaua wote. Hakuna aliyemsingizia. Wakamnyonga."

Nikaanza kulia, kwa kuwa niliona nimeukata mguu wake kwa ulimi wangu.

"Najua," alisema Bibi.

"Unajua nini?"

"Mie mwisho niliuona. Wenzangu walitimka, mie na mguu huu nitimke wapi? Nikarudi kitini, nikakaa peke yangu ukumbi mzima mpaka wakamtia kitanzi. Ndiyo maana nikachelewa."

Nilimkodolea macho.

"Kizungu chao sikijui," aliendelea, "lakini uso naujua. Yule kila mgonjwa kamchekea, kila mgonjwa kampa neno tamu. Nikasema, huyu wangu naye kila asubuhi haiumi, haiumi, na hii ya mwisho, na hii ya mwisho. Nimemlea mie, uongo kaupata wapi? Nikangoja nione. Ungenambia leo kwamba si yeye, wallahi nisingekupa paja langu, nngekufa na mguu wangu nkazikwa nao." Akauweka sawa mguu juu ya mto. "Sasa nambie. Inauma, haiumi?"

"Inauma, Bibi. Inauma sana."

"Na ya mwisho lini?"

"Sijui. Zimerudi nyuma, nyingi bado."

"Haya," alisema, akageuka, akainua kanga. "Washa stovu."

Nikawasha, nikachemsha bomba, nikamchoma. Na Bibi, ambaye siku zote alikuwa akiuma pindo la kanga ili asisikike, leo aliambiwa inauma, basi aliona ana haki yake. Alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Forodhani. Mlango ukafunguka kwa kishindo, jirani akaingia mbio na mwiko mkononi, unga unamdondoka.

"Kamuua! Jamani kamuua!"

"Sijafa, shoga," alisema Bibi kwa utulivu, akijifunga kanga yake. "Kaa kitako. Mwiko wako unanichafulia mkeka."

Jirani akakaa, akihema, macho yanakwenda kwenye bomba na kurudi kwa Bibi. Akagusa bega lake aone kama lina joto.

"Ushachomwa tena? Na picha ile tuliyoiona?"

"Nyinyi mmeona nini? Mlikimbia," alisema Bibi. "Mie nilibaki, nikaona mwisho. Yule nesi maskini hakuwa na kosa. Muuaji daktari mwenye masharubu."

Nikakaribia kuliangusha bomba.

"Nilijua!" jirani akapiga paja. "Si niliwambia kule kule ndani? Nilisema, yule masharubu yake si bure!"

"Alimwonea wivu. Akabadilisha dawa."

"Hasidi mkubwa! Na nesi?"

"Kaolewa na polisi."

Jirani alimshukuru Mungu, akaniomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima, akaniambia nije nikitoka nikalitazame jipu la mjukuu wake, maana majani ya mpapai hayafai kitu. Akatoka na mwiko wake, na kabla hajafika mlango wa pili nilikwisha msikia akiusimulia mwisho wa picha kwa sauti, na mama mzee wa nesi keshaingia, kipofu, naye anaona.

Nilimgeukia Bibi.

"Bibi! Siku zote hizi unanipima mimi kwa ukweli, na wewe unamdanganya shoga yako?"

Bibi alikuwa anaushusha mguu taratibu kutoka kwenye mto, mguu ambao alikuja kuzikwa nao miaka mingi baadaye, mzima.

"Kwani mie nachoma watu sindano?" alisema.